Dawa imegoma kuua kantangaze? Mwongozo kamili wa usugu wa wadudu kwenye nyanya

Nalima nyanya Ilula, Iringa, na kitu kilichowahi kuniumiza kuliko bei ya sokoni na kuliko mvua ya mawe ni kupiga dawa jioni afu asubuhi unarudi shambani, unafunua jani, unakuta kiwavi cha kantangaze kinakula taratibu kama vile hakuna kilichotokea. Msimu ule nilipiga mara 14. Nikaongeza kipimo, nikachanganya dawa tatu kwenye bomba moja, nikahama duka, nikahama chupa, na bado nyanya zikatobolewa mpaka nikavuna matenga 40 kwenye eneo ambalo mwaka wa nyuma lilinipa zaidi ya 150. Msimu ulipoisha ndo nikazikusanya zile chupa tupu nikaanza kusoma maandishi madogo ya pembeni. Chupa nne, rangi nne, majina manne, ndani kitu kilekile. Nilikuwa naamini nabadilisha dawa kumbe nabadilisha lebo tu.

Kwahiyo naandika hivi ninavyotamani mtu angenieleza siku ile, hatua kwa hatua. Nazungumzia kantangaze, yaani Tuta absoluta, nondo ambaye viwavi wake wanatoboa majani na matunda ya nyanya, kwa sababu ndiye ninayemjua, ila anayefuga ng'ombe na anahangaika na kupe wasiokufa kwenye josho ataona mambo mengi yanafanana.

Kwanza tuelewane usugu ni nini

Watu wengi tunasema "wadudu wameizoea dawa". Hapana, na hapa naomba uelewe vizuri maana ukikosea hapa utakosea hatua zote. Mdudu mmoja hazoei sumu kama mtu anavyozoea pilipili. Aliyekufa kafa. Kinachotokea ni kwamba kwenye kundi kubwa la wadudu tangu mwanzo, hata kabla hujanunua bomba, kuna wachache sana waliozaliwa tofauti kidogo, na dawa yako inawaua wenzao wote inawaacha wao, wanabaki na shamba zima, wanaoana, wanazaa watoto wenye ile tofauti. Ni sisi tunaowachagua. Kila ukipiga ni kama unafanya uteuzi wa mbegu, ila unateua mbegu ya adui.

Chukua hesabu ya kufikirika. Tuseme shambani kuna viwavi 10,000 na kati yao 10 tu ndo sugu. Unapiga dawa inayoua 99 katika kila 100 wa kawaida. Wanabaki 100 wa kawaida na 10 sugu, wewe unafurahi, shamba limepoa. Wanaobaki wanazaana, tuseme kila mmoja anaacha 50: sasa una 5,000 wa kawaida na 500 sugu. Unapiga tena dawa ileile kwa sababu mara ya kwanza iliua vizuri. Wanabaki 50 wa kawaida na 500 sugu. Mapigo mawili tu, na walio sugu wametoka mmoja kwenye elfu mpaka kumi kwa kila kumi na moja. Pigo la tatu ndo unarudi dukani kugombana kwamba umeuziwa dawa feki. Shambani mambo hayaendi kasi namna hiyo kila mara, maana wanachanganyika na wanaoruka kutoka nje, ila mwelekeo ni huohuo.

Sasa kantangaze ana kasi. Jike linaweza kutaga mayai mpaka 260, na kwenye joto kutoka yai mpaka nondo anayetaga ni kama mwezi mmoja, kwahiyo kwa mwaka anaweza kupata vizazi 10 hadi 12. Asili yake ni Amerika Kusini, mwaka 2006 akaonekana Hispania, na 2014 alikuwa ameshafika Kenya na Tanzania. Alipofika huku alikuwa ametoka sehemu ambazo amepigwa dawa miaka na miaka, hivo wengine waliingia wakiwa tayari sugu. Hilo watu hawalisemi sana.

Kuhusu hiyo "tofauti" wanayozaliwa nayo, ziko za aina kama nne. Ya kwanza ni sehemu ambayo sumu inashikilia mwilini kubadilika umbo, mfano kwenye mishipa ya fahamu, sumu inafika haipati pa kukamata. Ya pili ni mwili kuwa na vimeng'enya vingi vya kuvunja sumu kabla haijafika inapoenda, na hii ni mbaya zaidi kwa sababu vimeng'enya hivyo vinaweza kuvunja hata dawa ya kundi lingine ambayo hujawahi kuigusa. Ya tatu ni ngozi ya nje kuwa nene, sumu inapenya polepole. Ya nne ni tabia, mdudu anakwepa sehemu yenye dawa. Mdudu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Na si jambo jipya. Mwaka 1914 mtaalamu wa wadudu A. L. Melander kule jimbo la Washington, Marekani, alishaandika kuhusu wadudu gamba wa kwenye miti ya matunda waliokuwa hawafi tena kwa dawa ya chokaa na salfa. DDT ilianza kutumika kuua wadudu miaka ya 1940, na kufikia 1946 nzi wa Sweden walikuwa wanaishinda. Panya wa Uskoti walionekana kustahimili sumu ya warfarini mwaka 1958. Hao ni panya, wana damu na mifupa kama sisi, na mchezo ni uleule: anayebaki ndiye anayezaa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni usugu kweli, sio kosa lako

Kabla hujalaumu mdudu jikague, na ujikague kwa ukweli. Kiwavi wa kantangaze anaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, au ndani ya tunda. Ukimpiga na dawa ya mguso tu, yaani inayoua mpaka imguse mwilini, akiwa humo ndani haimfikii, na hiyo sio usugu, ni dawa isiyofaa kwa mahali alipo. Angalia pia nozeli, kama imechakaa inatoa matone makubwa yanayodondoka chini. Je, ulipiga saa sita mchana jua linawaka? Mvua ilinyesha muda mfupi baadaye? Ulichota maji ya mfereji yenye tope? Tope linashika baadhi ya dawa. Dawa ilikuwa imekaa kwenye bati la stoo miezi mingapi? Lebo ipo, ina namba ya usajili, tarehe haijapita? Ukikuta hata moja hapo, rekebisha hilo kwanza.

Dalili za usugu wenyewe ziko hivi: kila kitu umefanya sawa, dawa hiyohiyo zamani iliua, kila msimu inapungua nguvu kidogokidogo, wadudu wengine shambani wanakufa ila huyu mmoja anabaki, na majirani wanaotumia dawa hiyo wanalalamika vilevile.

Hatua ya 2: Fanya jaribio dogo la majani

Hili limenisaidia kuliko ushauri wowote. Sio maabara, lakini linakupa picha kabla hujamwaga hela ya ekari nzima.

Tafuta vikopo vidogo vya plastiki vyenye mfuniko, toboa vitundu kwa sindano, weka tishu yenye unyevu kidogo chini. Vikopo hivyo visirudi jikoni tena maisha yao yote. Vaa glavu. Chuma majani safi kutoka mche ambao haujapigwa dawa, mimi nakuza miche michache nyumbani kwa kazi hii tu. Changanya dawa kwa kipimo kilekile cha lebo kwenye lita moja ya maji, chovya majani kwa sekunde chache, yaning'inize kivulini mpaka yakauke kabisa. Majani mengine yachovye kwenye maji matupu, haya ndo ya kulinganishia, usiyaache hata kidogo maana bila hayo hujui kama viwavi wamekufa kwa dawa au kwa kushikwashikwa.

Afu kusanya viwavi wadogo shambani, wa saizi moja. Wale wakubwa wanaokaribia kujifunga usichukue. Wahamishe kwa brashi laini ya rangi sio kwa vidole, viwavi 20 kwa kila dawa na 20 kwa maji, ukiwagawa watano watano kwa kikopo. Weka kivulini. Hesabu baada ya siku tatu, maana dawa nyingine hazimuui palepale, zinamfanya aache kula afu anakufa polepole, ukihesabu kesho yake utadanganyika. Fungua jani, mguse na brashi, asiyeweza kutembea mhesabu kafa.

Kama kwenye maji wamekufa zaidi ya wanne kati ya 20, rudia, kuna kosa. Kama kwenye maji wapo na kwenye dawa wamekufa 19 au wote, dawa yako ni nzima, rudi hatua ya kwanza tatizo liko kwenye upigaji. Kama wamebaki hai saba, nane, kumi, basi iache hiyo dawa, hata kama chupa iko nusu na iliuzwa bei mbaya. Bado unaweza ukawa umeuziwa dawa mbovu, kwahiyo kama unaweza jaribu na chupa ya pili yenye kiini hichohicho, yaani sumu yenyewe iliyo ndani, kutoka duka lingine. Mimi mara ya kwanza nilijaribu tatu: moja iliua wote, moja iliacha 6, na ile niliyoipiga sana iliacha 13. Kumi na tatu kati ya ishirini! Nilikaa chini pale pale.

Hatua ya 3: Acha kusoma jina kubwa, soma kiini na kundi

Jina kubwa la mbele ni la biashara. Tafuta maandishi madogo yanayosema kilichomo ndani na kwa kiasi gani. Kuna kamati ya kimataifa ya usugu inaitwa IRAC, ipo tangu 1984, imezipanga dawa zote za wadudu kwa namba kulingana na namna zinavyoua. Chupa nyingine zina hiyo namba kwenye kiboksi, nyingine hazina, kwahiyo jifunze mwenyewe kwa kuangalia mwisho wa jina.

Jina likiishia na sauti ya thrini (lambda-sihalothrini, saipamethrini, deltamethrini) ni kundi la 3. Likiishia mektini (abamektini, emamektini) ni la 6. Likianza na spino au spine (spinosadi, spinetoramu) ni la 5. Indoksakabu ni la 22. Klorantraniliproli na flubendiamidi ni la 28. Klofenapiri ni la 13. Profenofosi na klopairifosi ni kundi la 1, sumu kali kwa mpigaji pia. Lufenuroni ni la 15, hii inamzuia kiwavi kujivua ngozi. Bakteria wa Bt ni la 11. Zinazoishia pridi kama imidaklopridi ni kundi la 4, hizo ni za inzi weupe na vidukari, usizitegemee kwa kantangaze.

Chukua daftari andika kila dawa uliyopiga msimu huu, tarehe, kiini, namba ya kundi. Ukiona 3, 3, 3, 6, 3 umeshapata jibu la shamba lako. Na kuwa makini na zilizochanganywa kiwandani, chupa moja ina viini viwili, unaweza kudhani unapumzisha kundi la 3 kumbe limo ndani ya mchanganyiko kama mwenza.

Hatua ya 4: Zungusha kwa kizazi, sio kwa wiki

Hapa ndo wengi wanaojua habari ya kubadilisha dawa wanakosea. Anapiga kundi la 6 wiki hii, la 28 wiki ijayo, la 6 tena, la 28 tena, anasema anazungusha. Fikiria: kizazi kimoja kinachukua kama mwezi, kwahiyo viwavi wale wale wa kizazi kimoja, na watoto wao, wanapata dawa zote mbili. Unawachuja kwa mbili kwa pamoja, yaani unawabakiza wale walio sugu kwa zote mbili.

Gawanya msimu kwa vipande vya siku kama 30. Kipande cha kwanza tumia kundi moja, ukipiga mara moja au mbili au kadri lebo inavyoruhusu. Kipande cha pili usiliguse kabisa hilo kundi, tumia lingine. Kipande cha tatu lingine tena. Kundi moja likae angalau siku 60 bila kurudi. Mfano wangu wa msimu uliopita: mwezi wa kwanza baada ya kuhamisha miche Bt na mwarobaini, mwezi wa pili kundi la 28, mwezi wa tatu la 5, na la 6 nikaliweka akiba. Usinakili huu kama ulivyo, panga kwa jaribio lako la majani na kwa dawa zilizosajiliwa kwa nyanya, na angalia siku za kusubiri kabla ya kuvuna maana kuna mtu atakula hiyo nyanya mbichi kwenye kachumbari.

Usiseme hii mpya haiwezi kushindwa. Kundi la 28 lilipokuja Ulaya lilionekana mkombozi wa nyanya, na Sicilia kule Italia ndani ya miaka michache likaanza kugoma, watafiti wakaripoti 2015. Brazil spinosadi nayo imeshashindwa sehemu. Dawa ni kama akiba, ukiichota kila siku inaisha.

Na kuchanganya tatu kwenye bomba acha. Nilifanya, najua inavyovutia ukiwa umekata tamaa. Unachuja usugu wa zote tatu kwa mpigo mmoja na unavuta moshi wa zote tatu.

Hatua ya 5: Punguza wadudu kwa njia ambazo hawawezi kuzijengea usugu wa sumu

Kila kiwavi unayemuua bila dawa ni kiwavi ambaye dawa haikupata nafasi ya kumchuja. Kitalu kifunike kwa neti nzuri, mche ukianza safi umepunguza mapigo mawili matatu ya mwanzo. Majani na matunda yaliyotobolewa chuma, usitupe pembeni ya shamba, tia kwenye mfuko wa plastiki funga acha juani siku kadhaa. Masalia baada ya mavuno ng'oa mara moja, hapa Ilula tunaacha shamba la zamani likikauka pembeni ya jipya, huko ndiko wanakotokea. Msimu unaofuata panda mahindi au maharage, sio biringanya, ngogwe wala viazi mviringo, hao wote anawala.

Mitego ya feromoni, yaani harufu ya jike, inavuta madume tu, kwahiyo usiitegemee peke yake kuokoa shamba, ila beseni la maji yenye sabuni na kile kivutio juu yake linakuonyesha lini wameanza kuingia, na hapo ndo unajua lini upige badala ya kupiga kila Jumamosi kwa mazoea. Kuna pia wadudu marafiki. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Nairobi walimleta kinyigu mdogo kutoka Peru anayetaga ndani ya viwavi wa kantangaze, na huyo usugu wa kantangaze haumsumbui, kinachomuua ni dawa zetu kali za kundi la 1 na 3. Ukiachana nazo unampa nafasi yeye na wenzake.

Hatua ya 6: Piga ipasavyo

Pima bomba lako. Jaza maji matupu, pima eneo la mita 10 kwa 10, pulizia kama unavyopiga siku zote, angalia yametumika lita ngapi, zidisha mara 40, hapo una maji ya ekari moja. Kipimo ni cha lebo. Kupunguza ili dawa itoshe kunawaacha hai wale wenye usugu wa wastani. Kuzidisha mara mbili hakumsaidii mwenye usugu mkubwa kufa, kunakudhuru wewe, kunaua kinyigu, na mabaki yanabaki kwenye tunda. Piga jioni, chini ya majani pia, vaa mavazi ya kujikinga.

Hatua ya 7: Ongea na jirani

Nondo anaruka, mpaka wa shamba haujui. Mimi nikizungusha vizuri na jirani anapiga kundi la 3 kila wiki, wake wanakuja kwangu wakiwa wameshachujwa. Sisi tuliokuwa kwenye mfereji mmoja tulikubaliana watu saba: mwezi huu kundi hili, mwezi ujao lile, na masalia tunang'oa wiki moja. Wawili walikataa mwanzoni. Mpeleke jirani akaangalie vikopo vyako vya majani, anashawishika kuliko maneno. Na jaribio likionyesha dawa imeshindwa mwambie afisa ugani, na TPHPA ambao ndio wanasajili viuatilifu nchini wapate taarifa.

Kuna jambo moja linanikosesha raha hapa na nalisema. Zile dawa za kundi la 3 tunazopiga kwenye nyanya ni familia ileile ya dawa iliyo kwenye vyandarua vya mbu. Maji ya umwagiliaji tunayoyachafua ndimo mbu wa malaria wanazaliana, na utafiti uliofanywa hapa Tanzania umeonyesha dawa za mashambani zinachangia mbu kuwa sugu. Ndo maana watafiti wilayani Muleba na baadaye Misungwi, huko Kanda ya Ziwa, walijaribu vyandarua vya aina mpya, kile cha Misungwi chenye klofenapiri pamoja na pairethroidi (ndilo jina la hilo kundi la 3) kilipunguza malaria kwa watoto zaidi ya chandarua cha kawaida, na 2023 WHO ikakipendekeza. Sasa angalia hapo juu, klofenapiri ni kundi la 13 na tayari ipo madukani kwetu kwa ajili ya nyanya. Mimi nimeamua siipigi karibu na mfereji.

Hatua ya 8: Rudia jaribio

Kila baada ya miezi mitatu chukua viwavi wapya, vikopo vilevile, majani, maji matupu. Dawa iliyoshindwa inaweza kurudi nguvu ukiipumzisha, kwa sababu wakati mwingine mdudu sugu anakuwa dhaifu kwenye mambo mengine na wa kawaida wanamzidi kuzaana, ila si kila mara, kwahiyo usikisie, jaribu. Ile yangu iliyoacha 13 niliipumzisha mwaka mzima na majirani wakaiacha pia. Mwezi uliopita nimeijaribu tena, imeacha 5. Bado siitumii.